Mfuko wa kibodi nilioshonewa Ngamiani

Fundi akikuambia "nimekuelewa" kabla hujamaliza kueleza, chukua vitambaa vyako uondoke. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira, na hasira yenyewe si ya mfuko peke yake.

Kibodi yangu ni ya vipande viwili, aina ya ErgoDox, kila mkono na kipande chake. Natafsiri nyaraka kutwa nzima, na nilipokuwa natumia kibodi ya kawaida vifundo vya mikono vilikuwa vikiwaka moto, nashindwa hata kufungua chupa ya maji. Kwa hiyo popote niendapo kikazi nakwenda nayo. Tatizo ni kuibeba. Mifuko ya dukani imekatwa kwa kibodi ndefu bapa, wakati hii ina vitufe sita vya dole gumba kila upande, vimekaa mshazari na kutokeza nje ya umbo la vingine. Ukiisukumiza kwenye begi la laptopu, hivyo ndivyo vinavyoumia kwanza. (Wenye kibodi iliyobonyea kama bakuli, mfano Kinesis Advantage, nyinyi tafuteni sanduku kabisa, mfuko bapa hautawafaa.) Nikaamua nishonewe, hapa hapa Tanga, kwa fundi wa mabegi kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani. Kila niliyemuuliza alimtaja yeye.

Na mkono wake, haki ya Mungu, si wa kawaida. Nje nilitaka kitambaa cha katani. Mkonge umelimwa mkoa huu tangu 1893, nikaona ni aibu nitembee na nailoni ya kutoka ng'ambo. Katani ni ngumu kushona, inatoa nyuzi, inavunja sindano. Yeye aliipinda kingo zote, akapiga mshono mara mbili, na pembeni hakuna hata uzi mmoja uliochomoza. Zipu ya nailoni pia ni ushauri wake, kwamba ya chuma kwa hewa hii ya chumvi itaota kutu na kukwama. Alipoutoa nilitaka kumbusu mkono. Watu wamenisimamisha njiani kuuliza nimeununua wapi.

Lakini mfuko wa kibodi kazi yake iko ndani.

Nilimchorea kwenye karatasi kwa vipimo halisi. Katikati kipande cha plaiwudi ya milimita 3, kuzunguka pande zote sponji ngumu iliyo juu kuliko vitufe, ili mzigo wowote ukiwekwa juu ukae kwenye kingo na usiguse vitufe. Nikamweleza na sababu: kitufe cha aina hii kinashuka milimita 4 tu, kikifika chini hakina pa kwenda tena, uzito wote uliobaki unabebwa na plastiki na bodi. Na vipande viwili vikikaa uso kwa uso bila kitu kigumu katikati, vitufe vya huku vinaingiliana na vya kule, na gari likirushwa na matuta vinapindana ubavuni. Alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anakata suruali ya mtu. "Nimekuelewa, dada, nimekuelewa."

Alichoweka, kama nilivyokuja kugundua baadaye, ni sponji la godoro. Plaiwudi hakuna. Na bitana ameishona ikafungwa pande zote, kwa hiyo ukishika kwa nje unahisi unene tu, huwezi kujua ndani kuna nini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba kilichofichwa kilifichwa kwa mshono mzuri namna ile.

Nikapanda basi Kange kwenda Dar, mfuko ndani ya begi, begi juu ya viti. Muheza akaingia abiria na kiroba cha machungwa, na kila anayejua Muheza anajua machungwa yake hayabebwi mawili matatu. Kiroba kikakaa juu ya begi langu. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana huo ndio mzigo niliokuwa nimemweleza fundi. Matuta yote mpaka Chalinze nimekaa nimetulia.

Dar nikafungua. Kitufe cha nafasi, kile kirefu cha dole gumba la kushoto, kimeng'oka, na shina la swichi yake, kile kidude cha chini kinachopokea mbonyezo, limekatika na kubaki ndani ya kofia ya kitufe. Jaribuni kuandika sentensi moja bila kitufe cha nafasi. Swichi zangu zimeungwa kwa risasi, hazichomoki kwa mkono, ikabidi nizunguke Kariakoo kumtafuta fundi simu wa kuiyeyusha na kuweka nyingine. Kazi ya watu ikachelewa. Mikono ikarudi kuuma kwa kibodi ya kuazima.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwake kwa amani kabisa. Nilisalimia, nikaulizia watoto, nikatoa ile swichi iliyovunjika nikaiweka mezani. Hakuishika. Akasema, mbele ya wateja, mguu bado uko kwenye pedeli ya cherehani: "Kama kitu chenyewe kinavunjika ovyo, dada, kiwe kinakaa nyumbani." Wateja wakacheka.

Huu ni mji ambao mtu akikupiga kikumbo anakuomba radhi mpaka wewe unaona haya. Nimekulia humu. Sijazoea kujibiwa hivyo, na mtu niliyemlipa fedha taslimu bila kupunguza hata shilingi. Neno "pole" lingetosha. Ningemlipa upya atengeneze, naapa.

Sikumjibu. Nilipeleka mfuko kwa seremala Chumbageni, akanikatia plaiwudi nyembamba na kuilainisha kwa msasa, nikafumua bitana upande mmoja, nikatoa lile sponji, nikaingiza plaiwudi na vipande vya sponji ngumu ya kandambili kuzunguka kingo. Tangu hapo kibodi imesafiri imewekewa kila kitu juu yake, na hakuna kitufe kilicholegea. Mishono ya fundi yule haijaachia hata kando ya pale nilipofumua, imekaa. Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia kuwaambia msiende kabisa, na sasa naona siwezi kusema hivyo. Kwa ushonaji wa katani sijaona anayemfikia. Nendeni, ila plaiwudi mkate wenyewe, mkae hapo hapo kwenye benchi mpaka aiingize, na bitana isifungwe kabla hamjaiona kwa macho.

Au hapana, msiende. Nimeandika mpaka hapa nikakumbuka kile kicheko. Mtu anayeficha sponji la godoro ndani ya kazi nzuri kiasi kile ataficha na kingine. Kama mna fundi wa wastani anayesikiliza, mpeni huyo, hata mshono ukienda upogo kidogo. Gharama ya swichi na ya fundi wa Kariakoo bado naidai, nimeshamwambia kijana wake, na nitaendelea kupita pale kuidai.