Kubadilisha maji ya tangi la samaki wa bahari: ndoo na mpira, au pipa na pampu?

Kisumu tuna ziwa, lakini ni la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Anayefuga samaki wa bahari tangini huchanganya chumvi ya bahari mwenyewe, takriban gramu 35 kwa lita.

Kutoa maji machafu, mpira na ndoo vinatosha: maji hushuka yenyewe, hata stima ikipotea. Kurudisha mapya ndiko kunakovunja mgongo, na ukimwaga kwa nguvu mchanga hutibuka.

Hapo nachagua pipa, lile lililobeba chakula, kamwe si kemikali. Jaza maji yasiyo na klorini, tia chumvi, pampu ndogo izungushe usiku kucha. Asubuhi pima chumvi na joto, kisha chomeka mpira kwenye pampu hiyohiyo, maji yapande tangini polepole. Bana ncha ya mpira ukingoni isichomoke.