Ukinunua fonti ya mwandiko wa mkono, itazame W kwanza

Malalamiko ninayoletewa kuhusu fonti za mwandiko yanafanana: fonti ilivutia kwenye picha ya muuzaji, ikalipiwa, kisha neno "mwaliko" likatoka limekatika. Basi mikunjo na madoido nitayaacha. Nitazame viungio.

Herufi nyingi za mwandiko huishia chini, kwenye mstari, na inayofuata huanzia hapohapo. Lakini b, o, v na w huishia juu. Zikifuatwa na a au e, mkia unapaswa kuteremka kwa ulaini, na Kiswahili kimejaa mwa, bwa na kwe. Fonti ya kulipua huacha pengo, au kijiti kinachoichoma a ubavuni. Iliyofanyiwa kazi huangalia herufi jirani na kubadili umbo yenyewe, kwa uwezo wa OpenType, muundo wa faili za fonti unaobeba maumbo mbadala ya herufi. Hakikisha programu yako imewasha maumbo hayo. Nafasi kati ya herufi nayo iache sifuri, maana ukiipanua hata fonti bora hukatika.

Ya kwanza kwangu ni Bickham Script Pro ya Adobe, na upendeleo wangu siufichi. Richard Lipton aliichora akifuata miandiko iliyochongwa na George Bickham, mchongaji wa Uingereza wa karne ya 18. Ina maumbo mbadala tele, na viungio vyake hupita kana kwamba kalamu haikunyanyuliwa. Itumie kwa majina kwenye kadi au kichwa cha cheti. Kwenye anwani ya maandishi madogo, nyuzi zake nyembamba hupotea.

Ya pili ni Snell Roundhand ya Matthew Carter, ya miaka ya 1960. Katika uchapaji wa zamani, kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha madini ya risasi, na kupandiana na jirani ilikuwa taabu. Upangaji wa herufi kwa picha, usiotumia vipande hivyo, ukaondoa kizuizi hicho, na Carter akautumia vizuri. Imetulia, inasomeka. Kompyuta za Mac huja nayo, kwa hiyo angalia kabla ya kununua.

Zapfino ya Hermann Zapf, ya 1998, ni ya tatu kwa sababu ya shingo na mikia yake mirefu: mistari miwili ikikaribiana, inagongana.

Za bure? Great Vibes inatosha kwa mstari mmoja mkubwa, hata kwa kazi ya biashara.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Picha zao huonyesha maneno yaliyochaguliwa ili w isikutane na a. Ukishalipa, unaambiwa leseni ya kompyuta ni moja, ya tovuti nyingine, ya programu ya simu nyingine tena, na kuna zinazokataza hata nembo. Hayo yaandikwe karibu na bei, kwa herufi zinazosomeka! Mahali pasipo na kisanduku cha kuandika maneno yako na kuyaona, muombe muuzaji akutumie picha ya maneno hayo. Akikataa, usilipe.