Jumamosi 14 za mazoezi baada ya kansa, uzoefu wangu Kampala

Mimi nauza sidiria soko la Owino, za mtumba, mwaka wa 11 sasa. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia titi la kushoto linatolewa lote, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kibanda changu, nikacheka, mume wangu akadhani nimechanganyikiwa.

Matibabu yenyewe sitayasimulia sana. Operesheni, kemo, mionzi, yote pale Mulago, na sina neno baya. Naandika kuhusu baadaye, maana siku ya mwisho ya mionzi unapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi 3, na tamoksifeni ya kumeza kila siku kwa miaka 5, nyumbani wanachinja kuku wanasema Mungu mkubwa umepona, halafu Jumatatu unaamka mkono haupandi, vidole na nyayo vina ganzi hata noti huwezi kuhesabu bila kuzitumbulia macho, usiku jasho linakutoka shuka unalikamua, na hakuna wa kumwambia kwa sababu wewe si umepona.

Kwanza nikapoteza hela. Kuna kliniki moja ya tiba asili, jina nalihifadhi, namba niliipewa na dada wa kanisani. Wiki 4 kwa laki 6, unapata juisi ya kitafeli, chai ya kusafisha damu, na kuloweka miguu kwenye beseni lenye mashine, maji yanageuka kahawia wanakuambia hiyo ndo sumu ya kemo inatoka. Mimi niliamini kabisa! Mpaka siku moja nimechelewa kuvua viatu, msichana wa pale ameshawasha mashine, naangalia maji yanageuka kahawia na ndani hamna mguu wa mtu. Ni kile chuma kinaliwa na umeme na chumvi, basi. Lakini kibaya zaidi waliniambia nipumzishe tamoksifeni kidogo ili mimea ifanye kazi vizuri, na mimi nikaipumzisha.

Musawo, yaani mganga wa hospitali, wa kliniki ya kansa alipoiona ile chupa ya chai kwenye mfuko wangu hakupiga kelele, aliuliza tu, vidonge umeacha siku ngapi? Siku 9. Akanieleza kwamba kansa ya aina yangu inalishwa na homoni ya estrojeni, tamoksifeni inakaa mlangoni inaizuia isiingie, ukiacha mlango uko wazi, na kuna mimea inayovuruga namna ini linavyoishughulikia hiyo dawa, kwa hiyo kabla ya kunywa chochote uliza. Jasho la usiku akasema linatoka kwenye hiyo hiyo tamoksifeni, sijarogwa. Ndo yeye aliyenielekeza kwenye kikundi cha mazoezi cha Jumamosi.

Sasa hii Jumamosi usitegemee jengo la vioo. Ni ukumbi wa kanisa, mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) mmoja, mshauri mmoja, na akina mama waliopitia. Elfu 10 kila ukija, na kama huna unakuja tu.

Mtu wa fizio alinipima mikono yote miwili kwa tepu ya fundi cherehani, wa kushoto umemzidi mwenzake sentimita 3. Kumbe tezi za kwapani zilipotolewa yale maji ya mwilini yamekosa njia. Nikadhani nitakandwa kama unga wa chapati, lakini ni kupapasa ngozi taratibu sana, tena anaanzia shingoni si kwenye mkono, kwa sababu lazima ufungue mfereji wa mbele kwanza ndo maji ya nyuma yapate pa kwenda. Nilifundishwa kujifanyia mwenyewe asubuhi. Halafu kuna zoezi la ukutani, vidole vinapanda kama buibui na pale vinapoishia unachora chaki. Jumamosi ya 9 chaki yangu ilifika usawa wa ule msumari wa juu pale kibandani, ambao tangu operesheni alikuwa ananitundikia jirani. Belo lakini sibebi tena, namlipa kijana.

Na yupo Jjajja, yaani bibi, wote tunamwita hivo, yeye alimaliza matibabu zamani. Mimi muuza sidiria mzima nilikuwa najaza soksi za mtoto kwenye kikombe cha sidiria, kufika saa sita mchana titi limepanda karibu na bega. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, titi lina uzito, tia ulezi." Nikashona kifuko cha pamba nikatia ulezi, nikaenda kwa muuza nyanya kupima kwenye mizani, na kweli kinakaa pale pale kutwa nzima. Onyo, kabla ya kufua toa ulezi, changu cha kwanza kilianza kuota. Siku hizi nawashonea wenzangu mfuko wa ndani kwenye sidiria, bure kwa kikundi, wengine wanalipa.

Upande wa mshauri ni wastani. Ni mtu mzuri ila anaongea Kiganda mwendo wa boda, na mimi ni wa Busia, Kiganda changu ni cha kuuzia, kulia nalia kwa Kiswahili. Nilipomwambia alijaribu Kiswahili chake cha kuokoteza na siku hiyo ndo nilisema mambo ya mimi na mume wangu ambayo hayaandikwi hapa.

Siku moja walimleta musawo wa Hospice Africa ya Makindye, ile aliyoianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993, na ukumbi ukanyamaza maana sisi hospisi tunajua ni ya kwenda kufia. Kumbe kazi yao ni maumivu, hata ya mtu anayeendelea na matibabu, na ile morifini ya kunywa wanaichanganya wenyewe.

Kasoro. Wanasema saa tatu, wanaanza saa nne na nusu. Karatasi ya chakula ilikuja na brokoli na samaki wa salmoni, Jjajja akauliza salmoni anavuliwa Ggaba au Entebbe, wiki iliyofuata ikaletwa nyingine yenye mukene (dagaa), mboga ya nakati na maharage.

Kama uko mbali muulize musawo wa kliniki yako, vikundi vipo, UWOCASO ya wanawake wa kansa ya matiti ipo tangu 2004.

Nawapa nyota 4. Ya tano wataipata wakiweka chuma cha kushikia kwenye ngazi za choo, ziko 7, na nusu ya watu wa pale nyayo zao hazisikii zimekanyaga nini.