Hisa za Safaricom: Mama alizilalia, mimi nikazitredi

Naandika rivyu ya kitu kimoja kilichotumika na watu wawili nyumba moja: hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, mama akazishika, mimi nikatredi, yaani kununua na kuuza haraka haraka. Mama alinunua Safaricom ile IPO ya 2008 (hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza), shilingi 5 kwa hisa, kipindi kile nchi nzima imepanga foleni na watu wanachukua loni benki. Aliomba hisa elfu kumi, lakini walioomba walikuwa wengi kupita kiasi, robo pia haikufika, akapewa 2,100 hela nyingine ikarudi. Kwa hivyo pesa yake iliyoingia ni 10,500, basi. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka mpaka karibu shilingi 3, majirani wakauza kwa hasira, yeye akasahau, manake alikuwa na duka la kuendesha.

Mimi nikafungua akaunti ya CDS (ile ya kielektroniki ya kutunzia hisa) baadaye sana, na ujuaji mwingi. Apu ya broka, wakala wa kukununulia na kukuuzia hisa (simtaji), naipa nyota 2 kati ya 5. Soko likifunguliwa saa tatu na nusu asubuhi ndo inaanza kuzunguka zunguka, unabonyeza nunua inakwambia subiri, ikija kukubali bei ishasonga. Lakini wacha niseme ukweli, shida yangu kubwa haikuwa apu.

Mwanzoni mwa 2024 nikanunua hisa 3,000 kwa shilingi 14, hiyo ni 42,000. Ikapanda 14.50 nikauza mbio, nikapata 43,500, nikajiona bingwa, faida 1,500 kwa siku chache si mchezo. Alafu nkaangalia makato. Pale kwa broka wangu jumla ya komisheni na tozo ni asilimia 2.1, na inakatwa ukinunua na ikakatwa tena ukiuza, 882 kwenda na 913 kurudi, yaani 1,795. Nimepatia soko na bado nimepoteza karibu 300! Na pesa zenyewe unangoja siku tatu za kazi ndo ziingie. Baadaye mwaka huo huo bei ikapita 16 mimi niko nje nachungulia chati kama mtu aliyefungiwa geti. Kwa makato hayo hisa lazima ipande zaidi ya asilimia 4 ndo uanze kuhesabu faida, na kwa soko la hisa la Nairobi kuna wiki bei inacheza senti kumi tu.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, sasa hiyo pesa umeituma kazi ama umeituma mbio?" Sikuwa na jibu bana. Yeye mgao wa faida wa mwaka ulioisha Machi 2024 ulikuwa 1.20 kwa hisa, toa kodi asilimia 5, akabaki na 2,394, imeingia M-Pesa yeye yuko dukani anapima mchele. Kwa mtaji wa 10,500.

Sasa msije mkaenda kununua chochote mkalala. Aliyeingia Safaricom 2021 ikiwa juu ya 40 aliiona 2023 ikielekea 12, na huyo kulala hakujamsaidia, bei ya kuingilia ina maana yake. Na walioshika Mumias Sugar wakingoja ipone, 2019 kampuni ikawekwa chini ya risiva (msimamizi anayeletwa na mkopeshaji kukomboa deni lake) na hisa zikasimamishwa sokoni, hata ukitaka kuuza humpati wa kumuuzia. Kuna kushika na kuna kukwama, wallahi ni vitu viwili.

Kwa hiyo nyota: kununua na kutulia, 4, nyota moja naikata kwa sababu inataka roho ngumu na kusoma hesabu za kampuni, na mama kusoma hakusoma, alibahatika. Kutredi hapa kwetu na mtaji mdogo, 1 na nusu, hiyo nusu ni ya raha ya kuona rangi ya kijani bei ikipanda. Mimi sasa nina hisa 800 tu, apu nimeitoa kwa simu, nikitaka bei namuuliza mama.