Uwatu ulishusha sukari yangu kweli, na ndiyo maana nina hasira

Ningetoa alama usiku ule ule, unga huu wa uwatu usingepata hata moja. Nimekaa wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Naona haipoi, basi naandika nayo.

Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa saba au wa nane sasa. Nameza metformini na glibenklamidi. Kama hujui tofauti ya vidonge hivi viwili, na mimi sikuwa naijua, shika hili: metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Mkasa wangu umekaa hapo.

Muuzaji nilimpata kwa simu. Sauti ya upole, mama huku, mama kule. "Mama, huu ni uwatu mtupu, mbegu zimesagwa, hauna madhara yoyote. Kijiko kimoja kabla ya chakula, asubuhi na jioni. Ukiona unakukubali, ongeza." Hakuuliza natumia dawa gani. Nilipotaja mwenyewe kwamba nina vidonge vya kliniki, akajibu, "Hayo makemikali utayaacha taratibu."

Lakini haki isemwe: uwatu ulifanya kazi. Kabla ya wiki tatu kwisha, mashine ya kupimia sukari iliyozoea kunisomea 9 na kitu (milimoli kwa lita) asubuhi kabla sijala ilianza kusoma 7, na siku moja 6.4. Nililia kwa furaha. Nilimpigia muuzaji kumshukuru. Ukiuloweka unga ule unajionea mwenyewe: unavimba, unakuwa mzito, una utelezi. Utelezi huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, na tumboni hufanya chakula kishuke polepole, sukari iingie kwenye damu kidogo kidogo. Tena mbegu zina amino asidi ambayo maabarani imeonekana kuchochea insulini. Hata jasho langu lilianza kunukia kama sukari iliyoungua. Nilishtuka, kumbe ni harufu ya uwatu wenyewe, hutokea kwenye jasho na kwenye mkojo. Basi nikaongeza kijiko cha pili, kama nilivyoelekezwa.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba uwatu unashibisha. Jioni ile nilikunywa vijiko viwili, chakula nikakiacha nusu, vidonge nikameza kama kawaida, nikalala.

Niliamshwa na jasho. Shuka limelowa lakini mwili wa baridi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka hata taa siwezi kuwasha. Niligonga ukuta. Binti yangu alipoingia nilitaka kumwita, jina lake likakataa kutoka. Jina nililompa mwenyewe! Ulimi ulikuwa kama si wangu. Akanichoma kidole: 2.7. Chini ya 3.9 tayari sukari imeshuka, mimi nilikuwa nimeshapita huko. Akakoroga sukari kwenye maji, kama gramu 15 hivi, kwa kuwa bado niliweza kumeza. Tukasubiri dakika 15, akapima: 3.3. Akanipa tena. Tulipovuka 4 akanilisha, na hakulala, kwa sababu glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kukuvuta chini mara ya pili. Kulipokucha vidole vyangu vilikuwa na matundu, na mtoto amekaa kitini ananitazama kama ninayeweza kuondoka wakati wowote.

Asubuhi nilimpigia muuzaji. Sikupiga kugombana, nilitaka kujua nipunguze au niache.

"Hiyo ni sumu ya zile dawa inatoka, mama. Mwili unajisafisha. Usiogope, ongeza kijiko."

Nikamwambia mashine ilisoma 2.7. Akasema mashine hizi zinadanganya. Nikamwambia nilishindwa kumwita mwanangu kwa jina. Akasema, "Mama, una wasiwasi sana, na wasiwasi nao unapandisha sukari." Akakata simu.

Unapandisha! Mtu ametoka kukuambia sukari imemshuka hadi karibu kupoteza fahamu, wewe unamwambia kuhusu kupanda, kisha unamwongezea kijiko. Kwa maneno yale, mtu anayeishi peke yake hafiki asubuhi ya pili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyourudia ule usiku wenyewe.

Na hayo makemikali anayoyatukana: metformini chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis, wa jamii ya mikunde kama uwatu wenyewe. Mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyetangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Toka kwenye jani hadi kwenye kidonge kuna watu waliokaa wakapima kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru. Kopo langu liliandikwa "kijiko". Cha chai au cha mezani? Tafiti za uwatu nyingi ni ndogo, nazo hazikubaliani kwenye kiasi, kuna waliotumia gramu chache kwa siku na kuna waliofika gramu 100. Na mimi naambiwa ongeza.

Kliniki nilikwenda nikijua nitafokewa, maana nilikuwa nimewaficha, na hilo ni kosa langu, silikwepi. Daktari hakufoka. Aliomba kopo, akalinusa, akaniuliza nilikuwa nakunywa saa ngapi na nameza vidonge saa ngapi. Akasema hana ugomvi na uwatu. Shida ni vitu viwili vinavyosukuma sukari upande mmoja bila mtu wa kupunguza kimoja. Akapunguza glibenklamidi. Akataka vidonge na uwatu viachane kwa saa mbili hivi, kwani utelezi ule unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Akaniuliza kama natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa uwatu huweza kuingiliana nayo, kisha akamgeukia binti yangu akamwonya kwamba akiwa mjamzito asiunywe kama dawa. Mwenye mzio wa karanga au dengu naye awe mwangalifu, mimea hii ni ndugu. Dakika kumi tu, maswali yote ambayo muuzaji hakuuliza hata moja.

Kipimo cha HbA1c, kile kinachosoma wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kilishuka kutoka asilimia 8.6 hadi 7.4. Je, ni uwatu? Kipindi hicho hicho nilikuwa nakula kidogo na kutembea kila jioni, siwezi kuapa. Nadhani una mchango wake. Nilianza kwa kusema sitoi hata alama moja, sasa mkono unasita. Mbegu zenyewe ningezipa nne kati ya tano, na bado natia nusu kijiko cha chai kwenye chakula, kidogo, nikipima. Lile kopo lililoandikwa "hauna madhara" siwezi kulipa kitu, wala yule aliyenikatia simu.

Nimemwandikia aongeze mstari mmoja tu kwenye kopo, wa kumuuliza mnunuzi anameza dawa gani. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Majuzi jirani amekuja kuniuliza kama unga huo ni mzuri, amesikia umenisaidia. Nikashindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana. Nikamwambia arudi kwanza nyumbani akaniletee vidonge vyake nivione.