Makumbusho ya besiboli ya weusi Kansas City: nendeni mkamuone Buck O'Neil

Wadau mlioko Marekani, hasa nyie wa Missouri, Kansas na Iowa, mkipata wikendi nendeni Negro Leagues Baseball Museum, makumbusho ya ligi walizocheza weusi enzi ligi kuu za besiboli zikiwakataa, iko pale 18th na Vine, Kansas City, na msihofu kwamba besiboli hamuijui, mimi nimekulia kwenye soka na bado nilitoka pale namuongelea Buck O'Neil, mchezaji na meneja wa zamani wa ligi hizo, njia nzima mpaka nyumbani. Nawapa nyota 5 bila kusita.

Ukiingia tu unaona uwanja wa besiboli umejengwa humo ndani, besi zipo (vile vituo anavyokimbilia mchezaji), sanamu za shaba za wachezaji zina ukubwa wa mtu kabisa, ila hufiki, kuna wavu wa banda la kuku umekuzuia. Lazima uzunguke kwanza makumbusho yote, usome habari za Rube Foster na wenzake walivyoanzisha ligi yao 1920 pale jirani kwenye jengo la YMCA la Paseo, uone maisha ya wachezaji waliolala kwenye basi maana hoteli nyingi zilikuwa hazipokei mtu mweusi, ndo mwisho kabisa unaruhusiwa kukanyaga uwanjani. Wamepanga hivyo makusudi ili uonje kidogo kuzuiwa kulivyokuwa, na mimi jambo hili liliniingia kuliko maandishi yote ya ukutani.

Sasa mkifika kwenye sanamu angalieni vizuri. Besi ya kwanza amesimama Buck Leonard. O'Neil naye alikuwa mtu wa besi ya kwanza, amechezea Kansas City Monarchs toka 1938, na 1942 walimchapa huyo huyo Leonard na timu yake ya Homestead Grays kwenye fainali, mechi 4 kwa 0. Lakini yeye wamemuweka nje ya uwanja, kwenye wavu, kama meneja anayewaangalia vijana wake. Nilisimama pale muda mrefu sana. Kwa maoni yangu ndo mahali pake haswa, maana kucheza alicheza vizuri tu ila kazi yake kubwa ilikuwa kuona kipaji cha mtu mwingine kabla watu hawajakiona.

Hebu fikiria, mtu huyu ujana wake ulikuwa mashamba ya selari Sarasota, Florida, na sekondari ya pale ilikuwa haichukui weusi, cheti walikuja kumpa 1995 ameshapita miaka 80. 1948 anapewa timu ya Monarchs aiongoze, na wakati huo ligi kuu zimeshaanza kuchukua wachezaji wazuri weusi baada ya Jackie Robinson kuwafungulia mlango, kwa hiyo unamnoa kijana ukijua kabisa akiiva ataondoka. Ernie Banks alipita mikononi mwake akaenda Chicago Cubs, timu ya ligi kuu, 1953, akaja kupiga homurani 512 (mapigo ya kuvusha mpira nje ya uwanja). O'Neil alipoachana na Monarchs 1955 akawa skauti, yaani msaka vipaji, wa hao hao Cubs, akazunguka vyuo vya weusi vya kusini ambako maskauti wengine walikuwa hawaendi, ndo akamsajili Lou Brock, aliyekuja kuwa nyota, kutoka Southern University. Inasemekana alikuwa anamjua mpigaji kwa mlio wa gongo tu, na mlio ule wenyewe alisema aliusikia kwa wapigaji wakali watatu, Babe Ruth, Josh Gibson na Bo Jackson.

1962 Cubs wakamfanya kocha, kocha mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu. Ila miaka hiyo Cubs walikuwa na utaratibu wa makocha kupokezana kuiongoza timu, na zamu ya O'Neil haikuwahi kuwepo. Hilo linaniuma mpaka leo, mtu ameongoza timu miaka yote ile halafu unamnyima hata wiki moja!

Na hayo makumbusho yenyewe ni jasho lake, yalianza 1990 kwenye chumba kidogo, yeye na wenzake wakawa wanapokezana kulipa kodi ya chumba. 2006 kamati ya Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa besiboli lililoko Cooperstown, ilichagua watu 17 wa ligi za weusi, yeye wakamuacha, na bado alienda Cooperstown kuwasemea wale waliochaguliwa, wote wakiwa marehemu. Oktoba mwaka huo huo akafariki, miaka 94. Wamekuja kumuingiza 2022.

Mkienda: Jumatatu huwa wanafunga. Maelezo ni ya Kiingereza na ni mengi, kwa hiyo kama mnaenda na wazazi awepo mtu wa kuwatafsiria, na msiende mbio mbio. Makumbusho ya jazz yako jengo hilo hilo. Na kama mtaunganisha na mechi ya Royals, timu ya ligi kuu ya Kansas City, pale Kauffman Stadium, tafuteni kiti kimoja chekundu nyuma ya homu (pale anaposimama mpigaji), hicho wamekiweka kwa heshima ya O'Neil na anakaa mtu aliyefanya mema kwenye jamii, unaweza hata kumpendekeza unayemjua.