Linux Mint kwa Magemu: Gemu Halioni Tena Nyaraka Zangu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kompyuta mnayoiona hapa mezani imemaliza miezi minne ikiendeshwa na Linux Mint 22, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na ninaichambua leo nikiwa mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Kabla ya hapo nilinakili gemu lililovunjwa kufuli kutoka kwenye flashi ya rafiki, nikatii maelekezo yaliyonitaka nizime antivairasi kwanza, na kesho yake asubuhi barua pepe yangu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Usakinishaji sitaueleza, kwa kuwa video zake zimejaa kila mahali, na Proton, ile programu ya Valve ya mwaka 2018 inayoendesha magemu ya Windows ndani ya Linux, nyote mnaifahamu. Ninachotaka mkione ni hiki.

Steam, lile duka la magemu la Valve, nimeisakinisha kama kifurushi cha Flatpak, yaani programu iliyozungushiwa uzio ili isione faili ambazo haijaruhusiwa. Sasa ninafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ninaingia ndani ya kifurushi hicho, yaani nimesimama pale pale linaposimama gemu, kisha ninaomba orodha ya yaliyomo kwenye folda yangu kuu. Tazameni. Folda ya nyaraka, yenye nakala ya pasipoti yangu, haipo. Faili za kivinjari zinazotunza nywila hazipo. Ninatoka nje, ninaandika amri ile ile, na vyote vimerudi. Ngoja nirudie, maana mara ya kwanza mimi mwenyewe sikuamini macho yangu. Kifurushi hiki huruhusiwa kusoma picha na muziki, lakini hata ruhusa hiyo nimeiondoa kwa programu ndogo iitwayo Flatseal.

Msidhani kwamba anayenunua magemu kihalali yuko salama moja kwa moja. Mnamo Februari 2025 gemu liitwalo PirateFi liligunduliwa ndani ya Steam yenyewe likiwa na programu ya kuiba nywila, na Valve waliwashauri walioliendesha wafikirie hata kuufuta mfumo mzima na kuusakinisha upya. Wale wanaosema Linux haiguswi na virusi nao wananikera, kwa sababu Wine, programu ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux ambayo ndiyo msingi wa Proton, kwa kawaida huipa programu ya Windows diski iitwayo Z, na diski hiyo ni kompyuta yako nzima. Kinachonilinda mimi ni uzio wa Flatpak. Uzio huo nao una dosari yake: kifurushi cha Steam hutengenezwa na watu wa kujitolea, wala si Valve, na ndiyo maana Mint 22 hukificha mpaka uruhusu vifurushi visivyothibitishwa.

Sasa nije kwenye kero. Magemu yanayokataa Linux mara nyingi ni yale yanayotaka kuingiza mlinzi wao wa kuzuia udanganyifu ndani kabisa ya kiini cha mfumo, kama Valorant na Vanguard yake. Apex Legends lilikuwa likikubali, kisha likafunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Mlinzi wa aina hiyo anaweza kugeuka mwizi: mwaka 2022 wahalifu walitumia faili ya mlinzi wa Genshin Impact kuzima antivairasi za watu, hata kwenye kompyuta ambazo gemu lenyewe halikuwamo.

Wengi mmeuliza kuhusu Bazzite, aina nyingine ya Linux ya magemu, ambayo faili zake za mfumo hazibadilishwi ovyo. Hiyo ni video ya wiki ijayo, na nitaijaribu kwenye kompyuta hii hii ya mtumba. Kuhusu bei, Mint ni bure, ilhali Microsoft, baada ya kusitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, waliweka dola 30 kwa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa asiyetumia njia zao za bure.

Nilipoanza kurekodi nilikusudia kuwaambia mwiteme Windows kabisa. Mdogo wangu, ambaye yuko nyuma ya kamera, amecheka, kwa kuwa anajua kwamba mechi zetu za EA Sports FC za Jumamosi hazichezeki huku kwenye Linux. Basi nikiri: Windows imebaki kwenye diski ndogo ya pembeni, haina barua pepe wala nywila yoyote ya maana, na kabla ya kuiwasha huwa ninaichomoa diski ya Mint.